Naomba ushauri: hausingi ya toleo la pili la kompyuta yangu ya gemu ya mkononi, ya kwanza imenidhalilisha

Ngosha_wa_Igoma

Wakuu habari za mchana. Niko Igoma hapa Mwanza. Mwaka juzi nilijitengenezea kompyuta ya gemu ya mkononi, si ya dukani, ndani ina Raspberry Pi 4 (kikompyuta cha bodi moja), kioo cha inchi 5, joistiki mbili, kafeni kadogo na seli mbili za 18650 (zile betri za mviringo) nilizozitoa kwenye betri bovu ya laptop. Upande wa programu sina shida, Linux inawaka freshi, gemu za zamani zinapiga kazi, madogo wa mtaani wanapanga foleni nje kwangu kama ya kisimani.

Shida ni hausingi, yaani ganda la nje. Kwanza unene, katikati ni milimita 38, ukiishika ni kama umeshika sabuni ya mche. Pili printa ya 3D niliyotumia meza yake ni 220 kwa 220 na mashine yangu ni 230 kwa 100, hata ukiilaza kimshazari haiingii, nilipiga hesabu mara tatu, kwaiyo nikaichapa nusu kushoto nusu kulia afu nikaunga katikati kwa gundi. Sasa juzi niko kwenye kivuko cha Kamanga naelekea Sengerema kwa mjomba, ziwa limechafuka kidogo, kitu kikateleza mapajani mpaka chini kwenye bati, ikafunguka palepale kwenye muungo kama karanga, seli ikabaki inaning'inia kwa waya na mama mmoja wa ndizi pembeni akaniuliza "baba hiyo si bomu?"

Tatu niliwahi kuiacha kwenye dashibodi ya gari la shemeji saa saba mchana, nusu saa tu, plastiki ni PLA, ikapinda, mpaka leo ukiiweka mezani inacheza kama stuli mbovu. Nne matundu ya skrubu yote yamekwisha meno, nimefungua mara nyingi mno, sa hivi nafunga kwa skrubu mbili na mpira wa kufungia hela. Tano, matundu ya hewa yako mgongoni tu, ukicheza umekaa na mashine iko mapajani inakuwa nzito kwenye gemu baada ya dakika kumi hivi, nikaangalia joto nikakuta imegusa 80, na Pi ikifika hapo inajipunguza spidi yenyewe.

Nataka v2, yaani toleo la pili. Nimechora mchoro mzuri sana, mwembamba, kona za duara, na nilikuwa nafikiria iwe ya kukunja yenye kibodi kama ile Pandora ya zamani. Kuna watu 15 wameshasema wakiiona imekamilika watachukua, hivyo nauliza pia kama nitengeneze moldi ya kumwagia plastiki. Naombeni maoni, msinionee huruma.

FundiMakoroboi

Mkuu, mi natengeneza simu, gemu si mambo yangu, ila hausingi nafungua kuanzia asubuhi mpaka jua linazama kwaiyo hapo nina neno.

Mchoro wako nimeuangalia. Mzuri. Ila nionyeshe bisibisi inaingia wapi. Umechora mashine ya kutazamwa, sijaona umechora mashine ya kufunguliwa, na wewe mwenyewe umesema umeifungua mpaka matundu yamekwisha meno. Hiyo v2 utaifungua zaidi ya hiyo ya kwanza, manake toleo jipya ndo lina mapya mengi ya kuharibika.

Skrubu usizame nazo tena moja kwa moja kwenye plastiki. Kuna nati ndogo za shaba zina mikwaruzo kwa nje, unaiweka mdomoni mwa tundu, unaigusa juu na ncha ya solda ikiwa ya moto, inazama yenyewe taratibu na plastiki inaikumbatia, ikipoa hapo ni chuma kwa chuma, fungua funga utakavyo. Usiisukume kwa nguvu, iache ishuke kwa uzito wa solda tu, ikibaki nywele moja juu unaigandamiza na kipande cha chuma bapa ikae sawa na uso. Hata wakubwa wamelipitia hili, Steam Deck, gemu ya mkononi ya kampuni ya Valve, ile ya kwanza ya 2022 skrubu za mgongoni zilikuwa zinakata meno kwenye plastiki yenyewe, ilipokuja ya OLED mwishoni mwa 2023 wakaweka meno ya chuma na vichwa vya Torx, vile vya nyota. Mashine kwa nje ni karibu ileile, mtu wa kawaida hata haoni tofauti, ila fundi anaiona siku ya kwanza.

La pili skrubu zote ziwe saizi moja na urefu mmoja. Nakwambia hivi kwa uchungu. Kwenye iPhone mtu akikosea akapeleka skrubu ndefu kwenye tundu la fupi, ncha inatoboa bodi chini na simu ndo basi tena. Kwako wewe chini kuna seli za lithiamu. Skrubu ndefu ikigusa seli, yule mama wa ndizi atakuwa hajakosea.

Hiyo ya kukunja sikushauri. Fleksi ya kioo, ule utepe wa waya, inapita kwenye bawaba, kila ukifungua inakunjwa, na mimi nusu ya laptop zinazokuja kioo kinazimika ukikisogeza ni fleksi hiyohiyo.

Msukuma_wa_Linux

Fundi uko sahihi kwenye skrubu ila kwenye kukunja nakupinga kidogo. Pandora ilikuwa milimita 140 kwa 83 kwa 27 ikiwa imefungwa, ndani kioo cha inchi 4.3, kibodi ya vitufe 43, joistiki mbili na sehemu mbili za kadi za SD, na hiyo ni mashine ya 2010. Unaifunga unaitia mfukoni, kioo hakigusani na funguo wala sarafu. Hausingi ya namna hiyo inajilinda yenyewe.

Ila Ngosha ujue pia walichopitia. Oda walianza kupokea Septemba 2008, mashine za kwanza zikatoka Mei 2010, na hausingi ilikuwa mojawapo ya vitu vilivyowasumbua njiani. Mrithi wake ni Pyra, kioo kikawa inchi 5, bado ya kukunja, bado kibodi, lakini ndani wakagawa bodi, ya prosesa kivyake, bodi kuu kivyake, ya kioo kivyake, ili kesho prosesa ikizeeka ubadilishe hiyo tu. Hapo ndo pa kuiga kuliko bawaba. Wewe toa Pi 4 weka Kompyuti Modyuli 4, ni Pi hiyohiyo isiyo na masoketi, ni milimita 55 kwa 40, unene haufiki hata 5, inakaa juu ya bodi yako ndogo kwa soketi mbili. Na Modyuli 5 yake ina umbo lilelile, v3 utakuja kubadilisha ubongo bila kugusa hausingi.

Afu unene wako wote ule si prosesa, ni yale masoketi ya USB ya ghorofa na la waya wa intaneti, nani anachomeka waya wa intaneti kwenye gemu ya mkononi jamani 😂

Ngosha_wa_Igoma

Hahaha mimi niliwahi kuchomeka mara moja. Nimekuelewa mkuu. Lakini hata nikiondoa masoketi bado seli za 18650 ni milimita 18 kipenyo, weka ukuta wa 2 juu na 2 chini nimeshafika 22 kabla hata ya kioo. Betri bapa naziogopa, za uhakika sizipati hapa, seli za laptop zipo kila kona.

DadaMilimita

Habari zenu kaka zangu. Mimi nachora na kuchapa 3D hapa Nyakato, naomba niingie maana naona mnazunguka palipo na jibu.

Ngosha, seli zako ni nene mahali gani? Katikati, nyuma ya kioo, mahali ambapo mkono haufiki na hakuna anayehitaji unene. Sasa shika chupa ya soda. Umeona vidole vinavyopenda kuzunguka kitu cha mviringo? Hizo seli zitoe katikati uzihamishie pembeni, moja mkono wa kushoto moja wa kulia, zisimame wima ndani ya vishikio. Seli ni milimita 18 kwa 65, ukiivalisha plastiki inakuwa kama 23 hivi, kiganja kinajaa vizuri kabisa. Katikati sasa inabaki kioo, bodi na feni. Hujapunguza hata gramu moja ila mtu atakayeshika atakwambia imekuwa nyepesi, kwa sababu uzito uko kwenye kiganja, hauvuti tena kifundo cha mkono.

Na hapohapo shida yako ya printa imeisha bila kununua printa kubwa. Gawa mashine vipande vitatu, mwili wa katikati na vishikio viwili, kila kimoja kinaingia kwenye meza ya 220 bila wasiwasi. Wewe ulikata katikati kabisa, pale ambapo ukishika pande mbili ndipo panapopinda zaidi, afu ukatia gundi. Kiungo kiwe pembeni, kipande kimoja kiwe na ulimi wa milimita 12 au 15 unaoingia ndani ya mwenzake, afu skrubu zipite kwenye huo ulimi. Acha nafasi ya 0.2 mpaka 0.3 kati ya ulimi na tundu lake, ukiweka sawa kwa sawa haitaingia na utashinda na msasa.

Mtu asikudanganye uichape imesimama wima ili iingie nzima. Itaingia ndiyo, lakini tabaka zitalala kukatiza urefu na siku ikidondoka inakatika kama muwa kwenye pingili. Tabaka zifuate urefu wa mashine.

Plastiki: PLA inaanza kulegea kwenye nyuzi 60, dashibodi ya Mwanza mchana unazipata hizo. PETG inakwenda mpaka karibu 80, ASA inafika 100 na jua haliichakazi haraka, ila ASA inahitaji printa yenye boksi la kufunika, bila hivyo kona zinanyanyuka. Kwako PETG inatosha, na gari la shemeji liache tu.

Moldi ya chuma sahau. Ni dola maelfu kabla hujatoa kipande cha kwanza, kwa watu 15 ni kichekesho, na hao 15 wenyewe wamesema "wakiiona". Chapa tu moja moja.

kijana_wa_kivuko

hiyo ya seli kwenye vishikio nimeipenda ila joto mbona hamjaliongelea, jamaa kasema inachemka

DadaMilimita

Nilikuwa naelekea huko. Matundu ya mgongoni si mabaya yenyewe, ubaya ni kwamba ndiyo pekee na yanakaa kwenye suruali. Hewa inataka pa kuingilia na pa kutokea na visiwe jirani. Ingizia mgongoni, katikati, lakini pandisha pale kwa vijiguu vya milimita 3 nguo isizibe, na itokee juu kwenye ukingo ambako hakuna kidole. Ndani mjengee feni kamfereji kuanzia mdomo wake mpaka kwenye mapezi ya hitisinki (kile chuma cha kupozea prosesa) mpaka nje, pasiwe na upenyo, vinginevyo feni inazungusha hewa ileile ya moto humo humo ndani kama watu kwenye daladala lililofungwa vioo.

Na ukishapata njia ya moto kutokea usiweke kitu chochote jirani nayo. ROG Ally, gemu ya mkononi ya kampuni ya ASUS, ile ya 2023 sehemu ya kadi ya SD iliwekwa karibu na moto unapotokea, kampuni yenyewe ikakiri msomaji wa kadi unaweza kusumbua kwa joto, na toleo lililofuata la Ally X, 2024, wakaihamisha. Humohumo betri wakaipandisha kutoka wati-saa 40 hadi 80 na mashine ikaongezeka kutoka gramu 608 hadi 678. Ukiangalia picha za mbele unaweza kusema wamebadilisha rangi tu.

FundiMakoroboi

Dada nakupa tano. Naongezea la seli tu kwa sababu hilo ndo linaniogopesha. Zikiwa mbali moja kulia moja kushoto na unaziunganisha parallel (chanya kwa chanya, hasi kwa hasi), pima volti kwanza, ziwe sawa kabisa kabla hujagusanisha, la sivyo iliyojaa inaimwagia iliyopungua kwa fujo. Kila seli iwe na fyuzi yake palepale mdomoni. Waya upite kwenye mfereji wake kwenye plastiki, usipite chini ya nguzo ya skrubu, nimeona power bank ya mtu waya umebanwa na nguzo, siku ya tatu imevimba kama andazi.

Na za laptop bovu zipime uwezo moja moja. Kuna inayosoma volti nzuri na ndani ni ganda tupu.

Kitu kingine, vidudu. Msimu ule vinapopanda kutoka ziwani kama moshi, feni yako itakuwa inavivuta. Weka wavu kwenye mdomo wa kuingizia hewa. Mi kwenye feni ya meza yangu nimeweka wavu wa chujio la chai la chuma, mia tano, nausugua kwa mswaki Jumapili.

Ngosha_wa_Igoma

Nimerudi wakuu, samahani kwa kupotea, siku nne sijalala vizuri.

Sikuchapa chochote kwanza. Nilichukua ndala za zamani, zile nene za sponji, nikazikata na wembe nikachonga vishikio viwili, katikati nikaweka kipande cha mbao saizi ya kioo, nikabana kwa mpira. Ndani ya kila ndala nikatoboa shimo nikatia seli mbovu kabisa, kama gramu 45 hivi kila moja, nipate uzito wa kweli. Afu nikakaa nayo nusu saa nikiangalia mpira kwenye TV, nashika tu kama nacheza.

Dakika kumi za kwanza tamu. Baada ya hapo kidole kidogo kikaanza kuuma kulia na kushoto, nikajiuliza kwa nini, kumbe kishikio nilikikata kifupi, kidole kidogo hakina pa kukaa kinaning'inia chini kinabeba mashine yote peke yake. Nikaunga kipande cha ndala kwa chini, sentimita moja na nusu, kimya. Nikampa dogo wa miaka 11 wa jirani, yeye akasema kwake kidole gumba hakifiki joistiki ya kulia. Nikaishusha joistiki milimita 6 na kuivuta nje kidogo. Hii kwenye mchoro wangu mzuri nisingeiona hata ningeukodolea macho mwaka mzima.

Vitufe vinne vya kulia nilitaka kuvibadilisha mpangilio viwe vidogo kama za kisasa, dogo akakataa kata kata, akaniambia "kaka mi navijua bila kuangalia". Nikaviacha, umbali uleule kati ya kitufe na kitufe kama v1.

Kukunja nimeacha. Msukuma nisamehe. Kibodi nitatumia ya bluututhi ndogo nikiwa na kazi ya kuandika, na kwa kulinda kioo nakizamisha milimita 1 na nusu chini ya ukingo ili ikidondoka kifudifudi plastiki ndo iguse kwanza.

Vipimo vilivyopo sasa: katikati milimita 21, kwenye vishikio 24, urefu umeongezeka kidogo umefika 238. Skrubu nane, zote M2.5 (kipenyo milimita 2.5), urefu mmoja. Nimezichora kwanza kabla ya kona za duara, Fundi furahi.

Msukuma_wa_Linux

Nimekusamehe ila 238 ni ndefu. Mfukoni hakuna.

Ngosha_wa_Igoma

Mfukoni hata ya kwanza haikuingia mkuu. Inakaa kwenye begi na madaftari.

DadaMilimita

Ndala nimezipenda, nitaiba hiyo. Sasa kabla hujachapa mashine nzima nichapie kitu kimoja: kona tu ya kiungo, ulimi na tundu lake, sentimita 4, na nati moja ya shaba. Dakika arobaini imetoka. Ivunje kwa mikono. Ikikatika kwenye tabaka geuza mlalo, ikikatika kwenye shina la ulimi weka kaduara pale kwenye pembe, pembe kali ndiyo inayoanzisha ufa. Ukishindwa kuivunja ndiyo uanze kishikio.

Kama printa uliyotumia bado ni ya yule aliyekuchapia PLA, tuma faili kwangu, PETG nyeusi ninayo nusu roli. Utalipia umeme na soda.

Ngosha_wa_Igoma

Nakutumia usiku huu dada. Wabeja sana. Jumamosi nakuja Nyakato na ndala zangu.

kijana_wa_kivuko

njoo na bomu pia tulione